Barafu Safi ya Fundi Sifuri

Mtu aliyetengeneza mafriji kwa miaka thelathini na moja anatarajiwa kukijua kitu kimoja kwa uhakika, nacho ni barafu. Hivyo ndivyo Fundi Sifuri alivyojidanganya mpaka wiki ile mke wake alipokaribia kutimiza miaka sitini.

Jina la Sifuri alijipachika mwenyewe, ingawa hapendi kukiri. Ujanani, kila mteja alipomletea friji linalovuja au linalonguruma, yeye alikuwa akiligonga ubavuni kwa kiganja na kusema, "Hili nalishusha mpaka sifuri, wala usiwe na wasiwasi." Alisema hivyo mara nyingi mno, watu wakaona wamrudishie neno lake liwe jina. Yeye alidhani ni sifa. Ilimchukua kama miaka kumi kugundua kwamba wengine walikuwa wanamaanisha alama za mtihani.

Karakana yake iko mbele ya nyumba. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja, na mafriji yamepangwa ukutani milango wazi, kama wagonjwa wanaosubiri daktari awatazame koo. Siku ya Jumatatu alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mojawapo, bisibisi mdomoni, mke wake alipokuja kusimama mlangoni na unga mikononi.

"Mwanao amepiga simu," mke akasema. "Anakuja Jumamosi."

Fundi aliinuka haraka, akajigonga kisogo kwenye chuma.

"Anakuja?"

"Anakuja. Kasema zawadi yangu ni kuwachanganyia wageni kokteli, zenye kileo na zisizo na kileo. Chupa atakuja nazo, glasi atakuja nazo. Kauliza kitu kimoja tu, kama hapa nyumbani itapatikana barafu safi."

"Barafu safi?" Fundi akatoa bisibisi mdomoni. "Anauliza hivyo kwenye nyumba ya fundi friji?"

"Kasema siyo ile nyeupe. Anataka ya kuonekana ng'ambo, kama kioo."

"Mwambie ipo."

"Ipo wapi?"

"Wewe mwambie ipo!"

Mke alijifuta unga kwenye kanga, akamtazama mume wake vile anavyoutazama mchele wenye mawe.

"Baba watoto, nisikilize. Mara ya mwisho aliondoka hapa hata chai hajaimaliza. Safari hii akiondoka vile, harudi tena. Mimi nataka niione sitini yangu nikiwa na mwanangu. Sitaki kingine."

Akarudi jikoni. Fundi akabaki ameshika kisogo, maana mke wake alikuwa amesema kweli tupu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Binti yao, mtoto wa pekee, aliondoka nyumbani kwenda kusoma uhasibu. Baada ya mwaka mmoja akaacha, akaingia kazini kwenye baa ya hoteli kubwa, akapanda kutoka kuosha glasi mpaka kusimama kaunta kuchanganya vinywaji. Wageni walikuwa wakimuulizia yeye kwa jina. Fundi aliposikia, aliona aibu. Mtu anayelala chini siku nzima akinusa gesi na mafuta ya kompresa, anayetoka pale na masizi mpaka kwenye nyusi, alimwonea aibu binti yake kwa sababu ya kazi. Leo akikumbuka hujicheka, lakini wakati ule alikuwa amekaza uso kabisa.

Akaanza kudanganya. Jirani yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, alipomuuliza binti yuko wapi siku hizi, Fundi alijibu, "Yuko idara ya uhasibu, hoteli kubwa sana." Uongo ulimtoka laini kama siagi. Akaurudia kwa wateja, akaurudia msibani, akaurudia kwa kinyozi. Mwishowe akawa anauongezea nyama. Binti akapandishwa cheo, akapewa ofisi yenye kiyoyozi. Kiyoyozi chenyewe Fundi alikitaja mpaka aina.

Miaka miwili iliyopita binti alikuja likizo. Asubuhi moja Mwalimu alimkuta Fundi getini, akamuuliza habari za mhasibu wetu, na Fundi akamwaga yote, ofisi na kiyoyozi chake. Alipogeuka, binti alikuwa nyuma yake, ameshika kikapu cha sokoni. Aliingia ndani, akanywa chai nusu kikombe, akafunga begi. Tangu siku hiyo Fundi akipokea simu, husikia maneno manne tu, "Shikamoo, baba. Mama yupo?"

Kwa hiyo barafu ilikuwa imemwangukia kama bahati. Fundi alijiambia kwamba mtu kama yeye, asiyejua kuomba radhi hata akikanyaga mguu wa mtu, amepewa njia ya mkato. Atatengeneza barafu, binti ataiona, yatakwisha. Hakuna atakayelazimika kusema neno.

Jumanne alijaza maji kwenye vitrei vya plastiki, akaviingiza kwenye friza zuri kuliko yote karakanani. Jioni akatoa vipande vyeupe katikati, kila kimoja na wingu lake. Akasema friza halikuwa na baridi ya kutosha. Akazungusha swichi mpaka mwisho.

Jumatano vipande vilikuwa vyeupe zaidi, na vingine vimepasuka. Hapo mtu mwenye akili zake angesimama na kujiuliza. Fundi hakuwa na nafasi ya kujiuliza, alikuwa fundi. Alifungua friza, akaongeza gesi kidogo, akasafisha koili, yale mabomba ya kupoozea, kisha akafunga feni ndogo ndani ili ubaridi uzunguke. Friza likawa linatetemeka kama mtu mwenye homa. Ile barafu iliyotoka humo ungeweza kuandikia ubaoni.

Akahamia kwenye maji. Akayachemsha mara moja, akayachemsha mara mbili, akayachuja kwa kitambaa. Mawingu yakapungua kidogo, yakabaki palepale katikati, yamejikusanya kwa kiburi. Alhamisi asubuhi mke wake alimkuta ameshika kopo la maji ya betri, akiyasoma maandishi ubavuni.

"Hayo unapeleka wapi?"

"Nilikuwa naangalia tu. Nasikia haya hayana uchafu wowote."

"Unataka tusherehekee sitini yangu wodini?"

Kopo likarudi kwenye rafu. Mke akatazama friza linalotetemeka, feni yenye waya uliopitishwa kwenye mpira wa mlango, na beseni lililojaa barafu nyeupe iliyokataliwa. Nyama yake ya sherehe, iliyokuwa ndani ya friza hilo, ilikuwa imehamishiwa kwa wifi yake tangu Jumanne.

"Mume wangu," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya upole, jambo lililomtisha Fundi zaidi, "si umpigie anayejua?"

"Nani anayejua barafu kuliko mimi?"

Mke alichukua kipande kimoja cheupe kutoka kwenye beseni, akakiweka kwenye kiganja cha mume wake, akaondoka.

Fundi alikaa juu ya kreti la soda mpaka kipande kikayeyuka chote, maji yakamchirizika mpaka kwenye kiwiko. Hakuwahi kumpigia binti yake simu tangu siku ya kikapu. Akachukua kipande cha katoni na penseli, akaandika atakayosema. Habari za kazi. Habari za afya. Mvua imenyesha huku. Halafu barafu, kama kitu kilichomjia tu njiani. Simu ililia mara nne.

"Shikamoo, baba. Mama anaumwa?"

Swali hilo halikuwemo kwenye katoni. Lilimchoma, kwa kuwa lilimwonyesha kipimo chake. Mtoto wake akiona namba ya baba, anafikiria hospitali.

"Hapana, mama yako mzima. Yuko jikoni."

"Sasa kuna nini?"

Fundi akaitazama katoni. Mvua imenyesha huku. Akaigeuza chini.

"Nimeshindwa barafu," akasema.

"Umeshindwa vipi?"

Akamweleza yote, swichi, gesi, maji ya kuchemsha. Alipofika kwenye feni, akasikia sauti upande wa pili, akadhani simu inakatika. Kumbe binti alikuwa anajizuia kucheka.

"Feni, baba? Ndani ya friza?"

"Ndogo tu."

Hapo binti akacheka waziwazi, na Fundi, aliyekuwa amejiandaa kwa lolote isipokuwa hilo, akajikuta naye anacheka, peke yake katikati ya mafriji.

"Baba, wewe unaipeleka mbio," binti akasema. "Ukiigandisha kwa haraka na kutoka pande zote, ile hewa iliyomo majini inakosa pa kutokea. Inabanwa katikati. Ndiyo hilo wingu lako. Tafuta kasha lile lenye kuta nene, la kubebea soda za baridi. Toa kifuniko. Jaza maji, liingize hivyohivyo kwenye friza. Baridi itaingia kwa juu peke yake, barafu itashuka taratibu na kuisukumia hewa chini. Usiache igande yote. Ikifika robo tatu, itoe. Yale maji ya chini ndiyo yenye uchafu, mwaga."

Kichwani Fundi alikuwa anaona kuta za mafriji yote aliyowahi kuyafungua, na sifongo iliyoshindiliwa ndani yake.

"Yaani niweke kuta za kuzuia baridi ndani ya friza."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nimeshindilia hizo kuta miaka thelathini na moja."

"Ulikuwa unazuia joto lisiingie. Sasa zuia baridi isiingie. Kitu ni kilekile. Na ukishaitoa, usiiguse kwa kisu mpaka ule ukungu wa juu uishe wenyewe, la sivyo inapasuka."

"Haya umejifunza wapi yote?"

"Kazini," binti akajibu.

Neno hilo lilikaa kati yao. Mlango ulikuwa wazi mbele ya Fundi, mpana kabisa, hata mtu wa kubeba friji angepita. Kilichohitajika ni maneno mawili. Fundi akapiga moyo konde, akavuta pumzi, akauliza maji yafike kimo gani.

"Yaache vidole vinne kutoka juu," binti akasema, na sauti yake ikawa imerudi kwenye adabu. "Nisalimie mama."

Baada ya simu Fundi alijitukana kwa dakika kadhaa, kwa matusi ambayo huyatumia kwa kompresa zilizokwama. Kisha akaenda kwa wifi ya mke wake kuazima kasha la pili, maana la kwanza walikuwa nalo.

Ijumaa asubuhi aliyaingiza yote mawili, akang'oa feni, akarudisha swichi katikati. Siku hiyo alifungua friza mara nyingi kuliko mteja yeyote ambaye yeye amewahi kumgombeza kwa kufunguafungua friji. Jumamosi asubuhi akaligeuza kasha la kwanza juu ya meza ya kazi. Bonge likateleza nje na maji yake, kubwa kama tofali, limefunikwa ukungu juu, lakini akilichungulia kwa ubavuni aliziona alama za rula ya chuma iliyokuwa upande wa pili. Tarakimu zote. Alihesabu mpaka thelathini.

Aliambiwa asubiri. Hilo alilikumbuka vizuri sana. Alisubiri kama dakika tatu, akaona ukungu hauishi, na ule ufundi ukampanda tena kichwani. Akachukua birika, akalimiminia maji ya uvuguvugu kidogo tu, ya kuharakisha. Bonge lilitoa mlio mmoja mkavu, likapasuka kutoka kona hadi kona, na tarakimu zikapotea.

Mke wake, aliyekuwa anapita na viti, alisimama. Akatazama birika, akatazama mabaki.

"Usiseme," Fundi akasema.

"Sijasema."

"La pili siligusi. Atakuja kulikata mwenyewe."

"Hilo ndilo neno la kwanza la maana ulilosema wiki hii," mke akamwambia, akaendelea na viti vyake.

Binti alifika saa saba mchana na makasha matatu ya chupa. Mama yake alimkumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Fundi alisimama pembeni akisugua mikono ambayo alishainawa mara mbili. Binti akamwamkia, naye akaitikia, kisha wote wawili wakageukia vitu vya kubeba, kwa bahati vilikuwa vingi.

Uani palipangwa meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Binti alivaa aproni nyeusi, akapanga chupa, ndimu, majani ya mnanaa, glasi zilizong'arishwa. Fundi akalileta bonge la pili kwenye sinia, akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Binti akainama, akalitazama kwa ubavuni, akapitisha kidole nyuma yake.

"Limetoka vizuri," akasema. "Ni hili moja tu?"

"Yalikuwa mawili. Moja nililiharakisha."

Binti akatikisa kichwa, mdomo ukimcheza. "Basi hili tuliache lipumue."

Wageni wakaanza kuingia. Hawakuwa wengi, ndugu na majirani kama ishirini hivi, lakini wote walijisogeza mezani kulitazama bonge. Ukungu wake ulikuwa unatoweka polepole. Nyuma yake ndimu zilionekana kama zimewekwa ndani. Watu wakaanza kuuliza limetengenezwaje, na Fundi akaanza kueleza, akanogewa, akawa anaonyesha kwa mikono jinsi hewa inavyoshuka. Hapo ndipo Mwalimu alipofika, fimbo mkononi, tabasamu usoni.

"Fundi," akasema kwa sauti yake ya darasani, "mbona mhasibu wetu leo ameshika kisu?"

Binti alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, anakata ndimu. Kisu kikasimama. Mama yake, kwenye kiti chake cha heshima, akashusha glasi tupu mapajani.

Fundi alifungua mdomo, na kilichotoka, kwa aibu yake mwenyewe, kilikuwa barafu. "Unajua Mwalimu, maji yakiganda pande zote..." alisema, na akaendelea hivyo kwa sentensi nzima, huku akijisikia anavyopiga chenga mbele ya watu ishirini. Ndipo akamwona mke wake. Hakuwa amekunja uso. Alikuwa anasubiri tu, amechoka.

"Mwalimu, nilikudanganya," Fundi akasema. "Hajawahi kuwa mhasibu. Hakuna ofisi, hakuna kiyoyozi. Mwanangu anachanganya vinywaji hotelini, ndiyo kazi yake, na barafu hii kanifundisha yeye baada ya mimi kushindwa siku tatu. Nilikuwa naona aibu. Sijui hata nilikuwa naona aibu ya nini."

Mwalimu akakuna kidevu, akaonekana kama anayetafuta namna ya kumsahihisha mwanafunzi bila kumuumiza.

"Fundi, hilo tunalijua," akasema polepole. "Mke wangu alimkuta pale kaunta mwaka juzi, akahudumiwa vizuri sana. Mtaa mzima unajua. Tuliona tukikwambia utaumia, tukawa tunakuitikia tu."

"Hata kinyozi?"

"Kinyozi ndiye aliyetuambia sisi, hata kabla ya mke wangu kumwona."

Watu wakacheka, na Fundi akacheka nao, lakini ndani kitu kilimkata vibaya. Miaka yote hiyo alikuwa ameshika mlango wa uongo wake kwa mikono yote miwili, na upande wa pili hakukuwa na mtu. Hakumdanganya Mwalimu, hakumdanganya kinyozi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeumizwa na maneno yale, naye alikuwa ameshika kikapu cha sokoni.

"Baba," binti akaita. "Njoo ushike hapa."

Fundi akazunguka meza.

"Usikate. Shika tu lisiteleze. Huku, na huku."

Akaweka viganja vyake viwili kwenye bonge, kila upande. Binti akaweka kisu cha meno juu yake, akachora mstari, akachukua nyundo ndogo ya mbao. Hakumtazama.

"Nilisikia ulichomwambia Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Siku ile pia nilisikia."

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

Binti akagonga mgongo wa kisu mara moja. Bonge likaachana kwenye mstari, safi, bila ufa. Akakata tena, akapata kipande cha pembe nne, akakidondosha kwenye glasi ya mama yake, na kwa muda ilionekana kama glasi haina kitu. Akamimina, akakoroga, akampelekea mwenyewe na kumbusu shavuni. Aliporudi, macho yake yalikuwa na maji, na hakuyaficha.

"Usitingishe, baba. Bado vingi."

Vidole vya Fundi vilikuwa vimeanza kuuma. Baada ya kipande cha sita viliacha kuuma, vikafa ganzi kabisa, na maji ya barafu yalikuwa yanamwingia kwenye mikono ya shati lake jipya.

"Baridi?" binti akauliza.

"Sana," Fundi akajibu, maana siku hiyo alishachoka kudanganya.

"Nikuletee kitambaa ushikie?"

"Hapana. Wewe kata tu."

Binti akamsogelea, bega likagusa bega, akapanga kisu kwenye mstari mwingine. Fundi hakuachia.